Ugonjwa Sugu wa Ngozi na Safari ya Jeshini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Benchi la nje ya kliniki yetu ya ngozi lina msimu wake. Mitihani ya kidato cha sita ikiisha, au jeshi likitoa tangazo la nafasi, linajaa vijana. Mkono mmoja umeshika bahasha ya kaki yenye vyeti, mwingine unakuna kiwiko. Wanauliza maswali yaleyale, na jioni wazazi wao wanayarudia kwa simu. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa. Mimi ni muuguzi, nina pumu ya ngozi (ekzema, ngozi kavu inayowasha) tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, na mwaka 2015 nilikwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria nikiwa nayo.

Nina pumu ya ngozi. Jeshi litanichukua?

Nimewaona waliopita na nimewaona waliorudishwa, wote wana ugonjwa wa jina moja. Tangazo la Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likitoka husema mwombaji awe na afya nzuri, timamu wa mwili na akili. Halitaji ugonjwa mmoja mmoja. Anayeamua ni daktari aliyekaa mbele yako siku ya kupimwa, na yeye anaangalia ngozi yako ilivyo, si jina lililoandikwa kwenye kadi.

Kama ulijikuna sana utotoni na leo umebakiwa na ukavu kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ukipaka mafuta siku inapita, usijikatie tamaa. Kama unaamka na damu kwenye shuka, umelazwa kwa vidonda vilivyoingia usaha, au mwezi hauishi bila dawa ya kupaka yenye nguvu, basi nakwambia kama ninavyowaambia wanaokaa mbele yangu: mlango ni mwembamba sana, na hata ukipenya, yatakayokukuta ndani ni magumu kuliko mlango wenyewe.

JKT na JWTZ si kitu kimoja?

Hapana, na jibu la swali la kwanza linategemea unakwenda wapi. JKT kwa mujibu wa sheria ni ile ya vijana waliomaliza kidato cha sita, miezi michache kisha mnarudi kuendelea na masomo. JKT ya kujitolea ni miaka miwili, na maombi yake hupitia ngazi za wilaya na mkoa. JKT lenyewe husema kila mwaka kwamba halitoi ajira. Hata hivyo JWTZ linapoandikisha askari wapya hutafuta waliopitia mafunzo ya JKT, ndiyo maana vijana wengi wanaiona kama ngazi. JWTZ ni ajira ya muda mrefu, na kipimo chake cha afya ni kikali zaidi, kwa sababu wanampima mtu watakayemtuma popote kwa miaka mingi.

Kwa wale wa mujibu wa sheria: wito hutolewa na JKT, na tangazo huwaelekeza vijana wenye ulemavu unaoonekana kwa macho waripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi, mkoani Pwani, ambako kuna miundombinu yao. Ugonjwa wa ngozi peke yake haukupeleki huko moja kwa moja. Unaripoti kambi uliyopangiwa ukiwa na barua ya daktari wako.

Ngozi inahusiana nini na kazi ya askari? Mimi nakimbia kilomita kumi bila kuhema.

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo naielewa. Kijana ana mapafu, ana miguu, ana moyo, halafu anaambiwa kinachomkwamisha ni mabaka.

Ukiwa nyumbani unaitunza ngozi yako bila hata kujua kwamba unaitunza. Ukitoka jasho unaoga. Shati likikuwasha unalivua. Jua likikuzidi unasogea kivulini. Mafuta yako yapo juu ya kabati. Kambini hayo yote yanakuondoka kwa siku moja. Mchakamchaka unaanza kabla ya jua, jasho linakukaukia mwilini na chumvi yake, kisha kwata, kisha fatiki, yaani kazi za mikono, shambani kwenye majani ya mahindi yanayokatakata mikono kama wembe butu. Kombati ni nzito. Buti halivuliwi kwa sababu tu linakuwasha. Mkiambiwa lala chini, unalala hapo ulipo, pawe na vumbi, upupu au tope. Wakati wa kuoga mko wengi, maji machache, na sabuni iliyopo ni ya mche.

Sasa ongeza hili. Mtu mwenye soriasisi, ugonjwa wa mabaka manene yenye magamba, akichubuka, baka jipya linaweza kuota palepale alipochubuka. Mkanda wa bunduki ukisugua bega, soriasisi inafuata mkanda. Buti likibana kifundo, inafuata buti. Mwenye pumu ya ngozi anayo shida nyingine: ngozi yake ni ukuta wenye nyufa, bakteria wanaingia kirahisi, na mchubuko ambao kwa mwenzake ungepona kwa siku tatu kwake unageuka jipu.

Majeshi yamejifunza haya kwa gharama. Marekani ilipopigana Vietnam, kwenye delta ya mto Mekong, askari waliokaa siku nyingi kwenye mashamba ya mpunga walioza ngozi ya miguu na kupata fangasi wengi kiasi kwamba magonjwa ya ngozi yakawa miongoni mwa sababu kubwa za kuwatoa watu kazini. Hao walikuwa vijana walioingia wakiwa na ngozi nzima.

Kuna na suala la chanjo. Chanjo ya zamani ya ndui ina kirusi hai, na kwa mtu mwenye pumu ya ngozi, hata aliyepona, kirusi hicho kinaweza kusambaa mwili mzima. Jeshi la Marekani lilirudi kuwachanja askari wake ndui mwishoni mwa mwaka 2002, na mwaka 2007 mtoto mdogo mwenye pumu ya ngozi alilazwa mahututi Chicago baada ya kuambukizwa kirusi cha chanjo kutoka kwa baba yake askari. Daktari wa jeshi akikuuliza habari za utoto wako, hakuchimbi. Ana sababu.

Ugonjwa wangu si pumu ya ngozi. Je, mimi?

Soriasisi ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko yote. Mabaka manene yenye magamba meupe kama mba, kwenye viwiko, magoti, kiuno na kichwani. Seli za ngozi zinazopaswa kuchukua takriban mwezi kufika juu zinafika kwa siku chache, zinarundikana. Haiambukizi. Lakini ni ya maisha, inakuja na kuondoka, na kwa baadhi ya watu inaingia kwenye viungo: vidole vinavimba kama soseji, asubuhi mgongo umekakamaa. Kama una soriasisi na viungo vinauma, mwambie daktari wako kabla hujafikiria jeshi lolote. Kiungo kikishaharibika hakirudi, na kwata haitakisubiri.

Mbalanga, yaani vitiligo, ni jambo jingine. Rangi imeondoka, ngozi ni nzima. Haiwashi na haivuji, nayo haimzuii mtu kubeba mzigo. Tatizo lake ni jua, kwa sababu sehemu nyeupe zinaungua haraka, na macho ya watu. Nimewahi kumhudumia kijana aliyekuwa anapaka wanja na kahawa midomoni kabla ya usaili ili asionekane. Alitokwa jasho, vikachuruzika vyote mbele ya msururu mzima. Nenda na uso wako ulivyo.

Wenye ualbino, jua kwenu ni hatari ya saratani, na mafunzo ya kijeshi ni saa nyingi za jua kila siku. Kofia na mikono mirefu haviwezi kubeba kazi hiyo peke yake. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kinatengeneza krimu ya kujikinga na jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Zungumza nao kuhusu ngozi yako kabla ya kuzungumza na jeshi.

Chunusi za kawaida hazina neno. Chunusi kubwa za mgongoni zinazopasuka ni tabu kwa sababu ya mabegi, zitibiwe kwanza. Makovu yaliyovimba, yale ya keloidi, yanategemea yalipo: la sikioni halina shida, la begani linalokaa chini ya mkanda wa begi lina shida kila siku.

Fangasi si ugonjwa sugu, ingawa watu wengi wanao miaka kumi kwa sababu wanapaka zile tyubu za mchanganyiko wa dawa tatu, kuwasha kunapoa, fangasi wanaendelea kutambaa chini kwa chini. Tibu fangasi kwa dawa ya fangasi, wiki zote ulizoambiwa, hata kama baka limefutika siku ya tano.

Na kama una baka lililopauka ambalo ukiligusa kwa ncha ya kalamu halihisi, usiliite mba. Nenda kituo cha afya wakupime ukoma. Dawa zake ni bure na unapona.

Vipele vya ndevu je? Nikinyoa kila siku kidevu kinakuwa kama papai lililooza.

Nywele zilizojikunja zikikatwa chini sana zinarudi kuingia ndani ya ngozi, ndiyo maana tabu hii iko zaidi kwetu Waafrika. Jeshini unyoe. Hakuna njia ya kulizunguka hilo, ila kuna namna ya kunyoa: lainisha kwanza kwa maji ya vuguvugu, fuata nywele zinakoelekea, usivute ngozi, na kama kambi inaruhusu tumia mashine ya kupunguza badala ya wembe, ukiacha milimita moja. Wembe uwe wako peke yako.

Nikichoma sindano ngozi ikatulia wiki ya usaili, kuna ubaya gani?

Hapa naomba usome taratibu.

Sindano unayoizungumzia ni ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na kuwasha. Ukichomwa, ndani ya siku chache ngozi inakuwa laini kama ya mtoto. Unapita usaili, kila mtu nyumbani anafurahi. Dawa inakaa mwilini wiki kadhaa, kisha inaisha. Inaisha lini? Ukiwa wiki ya tatu au ya nne ya mafunzo, hujui daktari ni nani, na mafuta yako yameisha.

Alikuja kijana mmoja kwetu akiwa ameshikiliwa na kaka zake wawili. Alikuwa na soriasisi, alichomwa sindano mbili mtaani kabla ya kupimwa, akapita. Kilichorudi hakikuwa yale mabaka yake ya zamani. Ngozi yote ilikuwa nyekundu na moto, imejaa vijipu vidogo vya usaha kama punje za ulezi, anatetemeka kwa baridi saa saba mchana. Soriasisi ikikatiziwa steroidi ghafla inaweza kufanya hivyo, na inaweza kuua. Alikaa wodini siku kumi na tisa. Nilimsafisha mimi. Maganda ya ngozi yalikuwa yanajaa kitandani kila asubuhi, tukikung'uta shuka yanaruka.

Anaponiuliza mtu kama kuna ubaya, namkumbuka yeye. Kutulizwa kwa ngozi kunakostahili ni kule kwa miezi: mafuta kila siku, dawa sahihi ya kupaka kwa vipindi, vichochezi umevijua. Ngozi ikikaa tulivu miezi sita kwa njia hiyo, una kitu cha kumwonyesha daktari.

Daktari wa jeshi akiniuliza, niseme ukweli?

Sema, tena kabla hajauliza. Najua utaambiwa na wenzako kwamba mwenye kusema ndiye anayerudishwa. Wapo waliorudishwa kwa kusema, siwezi kukudanganya. Lakini ukificha, huwezi kwenda zahanati ya kambi kuomba dawa ya ugonjwa uliosema huna. Utajificha bafuni usiku kupaka, utaishiwa, utalipuka, na siku hiyo utakuwa mgonjwa na pia mtu aliyesema uongo kwenye fomu. Hilo la pili ndilo linalomkera afande kuliko la kwanza.

Nenda na barua ya daktari wako, nusu ukurasa inatosha. Iseme ugonjwa ni upi, ulianza lini, mara ya mwisho kulipuka vibaya ilikuwa lini, unatumia dawa gani, nini kinauchochea, na kazi zipi unazifanya bila shida. Vijana wengi wanasahau hilo la mwisho. Kama unalima, unabeba maji, unacheza mpira juani na ngozi inavumilia, daktari aandike.

Nimepangiwa kambi. Nibebe nini?

Tangazo la JKT lina orodha yake: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, na nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi. Orodha hiyo ifuate ilivyo. Mimi nakuongezea ya kwetu.

Shuka na fulana mpya zifue mara mbili kabla ya kuondoka. Zina wanga na rangi ya dukani, na usiku wa kwanza ukilala nazo hivyo shingo itawaka. Soksi nunua za pamba. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, makopo makubwa matatu au manne, kwa sababu anayepaka mwili mzima mara mbili kwa siku anamaliza kopo la gramu 250 upesi kuliko anavyodhani. Hamishia kidogo kwenye kikopo cha mfukoni. Sabuni isiyo na harufu, na ukiwashwa na sabuni kabisa, oga kwa maji matupu na usugue kwapa na miguu tu. Dawa zako ziwe kwenye paketi zake zenye jina lako, na nakala ya cheti cha daktari, ili zisichukuliwe kwenye ukaguzi wa mabegi. Kata kucha fupi. Beba na kikata kucha.

Angalia unakwenda wapi. Mafunzo ya mujibu wa sheria mara nyingi huangukia Juni na Julai. Ukipangiwa Mafinga, Iringa, miezi hiyo ni ya baridi na upepo mkavu, ngozi inapasuka kama udongo wa kiangazi: ongeza mafuta, nguo ya ndani iwe ya pamba na sufu ikae juu yake. Ukipangiwa Ruvu, tabu yako ni jasho na harara: mafuta mepesi zaidi, na nguo kavu ya kubadilisha.

Mafuta yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga. Ukisubiri ikauke, unapaka juu ya ukavu.

Ikilipuka nikiwa kambini?

Yangu ililipuka siku ya sita. Tulikuwa tumenyolewa nywele wote, wasichana kwa wavulana, na ngozi ya kichwa ilikuwa haijawahi kuona jua. Ilianzia nyuma ya masikio, ikashuka shingoni kwenye kola ya fulana, siku ya nane ikawa mikunjo yote. Usiku nilikuwa nafunga mikono yangu kwa soksi nisijikune, asubuhi nazikuta chini ya kitanda na shuka ya bluu bahari ina madoa ya kahawia. Sikutaka kuripoti. Niliogopa kuitwa mtega kazi. Mwalimu wetu, afande mwanamke wa makamo, aliniona nikikuna nikiwa nimesimama mguu sawa, jambo lisilofanywa. Nikajua leo nimekwisha. Akaniita pembeni akauliza, "We binti, hiyo ngozi ni ya siku nyingi?" Nikasema ndiyo afande, toka utoto. Akasema, "Na barua uliiacha kwa mama yako?" Barua nilikuwa nayo, chini kabisa ya begi.

Zahanati walinipa dawa ya kupaka, vidonge vya antibiotiki kwa sababu shingo ilikuwa imeanza kutoa majimaji ya njano, na karatasi ya kupumzika siku tatu, ile ED. Siku tatu nilifanya kazi ya jikoni kivulini. Siku ya nne nilirudi kwenye kwata na nikamaliza mafunzo yote. Kama ningeripoti siku ya sita, nisingehitaji zile antibiotiki.

Kwa hiyo ripoti mapema, ukiwa bado unaona wekundu tu. Na zipo dalili ambazo hata ukiwa katikati ya gwaride useme: homa pamoja na ngozi kuwaka mwili mzima, vidonda vidogo vya duara vinavyofanana vilivyosambaa ghafla usoni au shingoni vikiuma kuliko kuwasha, usaha, na jicho kuuma upande wenye vidonda. Hizo ni za kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Wenzangu bwenini watadhani naambukiza.

Watadhani. Mwambie jirani yako wa kitanda siku ya kwanza, yeye mmoja, kwa maneno mafupi: huu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, hauambukizi, usishangae ukiniona napaka mafuta kama mtu anayekaanga. Jirani yangu alikuwa binti wa Kigoma. Alicheka, kisha kila usiku akawa ananipaka mgongoni pale nisipofika. Bweni zima lilijua kupitia kwake, na kutoka kwa mdomo wake ilisikika vizuri kuliko ingetoka kwangu.

Atakayesema umerogwa, mwache. Hutalimaliza hilo kwa miezi mitatu. Ila upele wa kweli, ule wa kuwasha usiku katikati ya vidole, unaambukiza na kwenye mabweni unasambaa haraka. Ukiona bweni zima linajikuna, hiyo si pumu yako, ripotini wote mtibiwe pamoja.

Natumia methotrexate kwa soriasisi. Naweza?

Methotrexate inamezwa mara moja kwa wiki, damu na ini vinapimwa mara kwa mara, na inashusha kinga. Ukichanganya siku ukameza kila siku inaweza kukuua, na kambini siku zinafanana. Mtu anayetumia dawa za kushusha kinga pia hapewi chanjo zenye kirusi hai, na chanjo ya homa ya manjano ni mojawapo. Askari wetu wa JWTZ wamekwenda kulinda amani Kongo tangu 2013, na wengine Jamhuri ya Afrika ya Kati. Nchi zote mbili zinadai cheti cha homa ya manjano. Askari asiyeweza kuchanjwa hawezi kutumwa huko. Sikushauri kuacha dawa ili uingie jeshini. Afya uliyoipata kwa dawa hiyo ina thamani, usiiuze.

Nje ya Tanzania mambo yakoje?

Kenya, tangazo la jeshi la huko (KDF) lina vipimo vyake vya wazi vya umri, urefu na uzito, pamoja na afya inayofikia viwango vya jeshi. Ukaguzi wa awali hufanyika uwanjani, umevua nguo umebaki na kaptura, kwa hiyo ngozi ndiyo inayoonekana kwanza.

Ndugu zetu walioko Marekani wenye kadi ya ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa kujiunga na jeshi la huko, na huko kanuni zimeandikwa ugonjwa kwa ugonjwa. Pumu ya ngozi iliyoendelea baada ya utoto inaweza kuhesabiwa kasoro. Soriasisi pia. Kuna utaratibu wa kuomba msamaha wa kitabibu, na wapo wanaoupata. Usijaribu kuficha: tangu 2022 vituo vyao vya upimaji vinatumia mfumo wa kielektroniki unaovuta kumbukumbu zako za matibabu, hadi krimu uliyoandikiwa ukiwa sekondari. Uingereza nayo hupokea waombaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, zetu zikiwamo, na huangalia ukali wa ugonjwa na dawa unazotumia.

Kuna mtu anasema nikimpa pesa atanipitisha kwa daktari.

Ni tapeli. Nafasi za jeshi haziuzwi. Pesa hiyo nunua mafuta.

Nimekataliwa kwa sababu ya ngozi. Nifanyeje?

Kwanza uliza, kwa heshima, ni nini hasa walichokiona. Mara nyingine kilichokukataza si ugonjwa sugu, ni fangasi au kidonda kilichokuwa kinavuja siku ile, na hayo yanatibika kabla ya tangazo lijalo kama umri bado unakuruhusu.

Pili, tibiwa kwa ajili yako mwenyewe. Wengi tunaowaona wanafika kwa mtaalamu wa ngozi kwa mara ya kwanza baada ya jeshi kuwakataa, wakiwa wamepaka kila kitu kilichouzwa sokoni kwa miaka kumi na tano. KCMC pale Moshi wamekuwa wakifundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na waliosoma pale wametawanyika mikoani, kwa hiyo uliza hospitali ya rufaa ya mkoa wako kama yuko mmoja. Usianzie Dar es Salaam kama jibu liko kilomita ishirini kutoka kwenu.

Na ulie kama unataka kulia. Kijana aliyekuwa akiota kombati tangu darasa la pili ana haki hiyo. Mmoja alikaa kwenye benchi letu mpaka kliniki ikafungwa, hakutaka kwenda nyumbani kumwambia baba yake. Nilikaa naye. Baadaye nilimpigia baba yake mimi.

Mimi ni mama. Mwanangu anaondoka wiki ijayo, nimfanyie nini?

Mama, usimfungie begi lote wewe, kaeni mfunge pamoja ili ajue kila kitu kilipo. Barua ya daktari iwe mfuko wa juu. Mafuta mwandikie siku kopo linapotakiwa kuisha, ajue kama anapaka kidogo mno. Mwambie mbele ya baba yake kwamba kuripoti zahanati si uvivu, maana watoto wengi wanaogopa kurudi nyumbani wakiwa na karatasi ya ED kuliko wanavyoogopa ugonjwa. Zile shuka, zifue leo zipate jua la siku mbili.